Rangi Hufa Kwanza Penye Riveti

Rangi ya chombo chochote cha alumini hufa kwanza penye riveti. Mlango mzima unaweza kuwa bado unang'aa na paa likawa halina hata mkwaruzo, lakini inama uutazame ule mstari wa vichwa vidogo vilivyoshika bati. Utakuta uharibifu umeshaanza: duara jembamba la ufa kuzunguka kichwa, au lengelenge lililotuna, au ganda lililoinuka ukingo likisubiri ukucha wa mtoto mdadisi. Ni hivyo kwenye ubavu wa Land Rover kuukuu pale Ruiru, ni hivyo kwenye sanduku la lori la kubebea mkate mjini Thika, na ni hivyo kwenye bawa la Cessna inayotua kila siku kwenye viwanja vya murram kaskazini mwa nchi.

Sababu zake zinajulikana. Kichwa cha riveti kina ukingo, na rangi ikiwa bado majimaji huukimbia ukingo, kwa hiyo hapo hubaki utando mwembamba kuliko mahali pengine popote. Chini ya ukingo kuna mwanya, na maji hupenya humo yakaketi. Halafu kuna mwendo. Naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, maana ndiyo kiini cha mambo. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Chukua bati la paa lenye urefu wa mita mbili. Likiamka alfajiri na baridi ya nyuzi 15, kisha jua la saa saba mchana likalifikisha nyuzi 55, bati hilo litarefuka kwa takriban milimita 1.8, na fremu ya chuma iliyo chini yake itarefuka kwa milimita 1 hivi. Tofauti hiyo ya karibu milimita nzima inavutwa na kusukumwa kila siku iendayo kwa Mungu, na anayeibeba ni riveti. Rangi iliyo juu yake isipoweza kunyumbulika, hupasuka kufuata duara la kichwa.

Ninachoamini ni hiki: mtu anayeondoa rangi kuzunguka riveti ndiye wa mwisho kuliona bati lilivyo kabla halijafunikwa tena kwa miaka mingi. Kazi yake ni ya kusoma kabla ya kuwa ya kupaka. Sisi tunamlipa na kumharakisha kana kwamba ni ya kupaka tu.

Gereji za kuitazama kazi hii hazikosekani kando ya barabara kuu ya Thika. Tangu barabara hiyo ifunguliwe mwaka 2012, njia nane zikichukua nafasi ya ile ya zamani, magari yameongezeka na mafundi wameyafuata: Githurai, Kimbo, Ruiru mjini, pale Eastern Bypass inapoungana na barabara kuu, hadi Makongeni na barabara ya Garissa kule Thika. Mara nyingi utaona vijana wawili watatu wenye kompresa, mwavuli wa turubai na makopo yaliyopangwa ukutani. Katika mojawapo ya gereji hizo, upande wa Ruiru, nilimkuta mzee mmoja akishughulikia Land Rover ya mkulima. Kiungo cha bati la nyuma na ule utepe wa chuma uliopigwa zinki juu yake kilikuwa na riveti kama arobaini, na rangi ilikuwa imevimba kwenye zaidi ya nusu yake.

Mwenye gari, kijana aliyerithi gari kwa babake, alikuwa na haraka. "Mzee, si upige msasa yote tu tumalize leo?"

Mzee hakuinua kichwa. "Hii si bati la chuma, kijana wangu. Nikikwaruza, imekwaruzika. Nipe mpaka kesho jioni."

Aliosha kwanza kwa maji na sabuni, kisha akapangusa kwa kitambaa chenye thina, maana mafuta yaliyobaki kwenye mwanya husukumwa ndani zaidi na msasa. Akazungushia tepu sehemu yenye rangi nzima. Dawa ya kutoa rangi aliipaka kwa brashi ndogo, riveti moja moja, akaiacha ifanye kazi. Baada ya muda rangi ilijikunja juu ya bati kama utandu wa maziwa yaliyochemka. Hapo akachukua kikwangua chake, kipande cha mtungi wa plastiki alichokichonga ncha, akaanza kusukuma kutoka nje kuelekea kwenye kichwa, akilizunguka duara bila kutumia nguvu. Penye mwanya alitumia mswaki wa zamani. Mmoja wa vijana wake alileta brashi ya waya, akarudishwa nayo. Chembe za chuma kutoka kwenye brashi ya waya hujichimbia ndani ya alumini, na kila chembe inaanzisha ulaji wake chini ya rangi mpya. Gari litatoka likiwa linapendeza, na msimu wa pili wa mvua litakuwa na vipele.

Kisha akasuuza kwa maji mengi, mara kadhaa. Dawa ikibaki chini ya kichwa cha riveti itangoja rangi mpya ikauke, halafu iinyanyue kutoka ndani. Akafuta, akakausha, akaegemeza tochi ya simu kwenye bati ili mwanga ulale ubavu, akatazama. Sehemu hiyo ya kutazama ilichukua muda mrefu kuliko zote. Aliweka kidole gumba juu ya riveti na kumwambia kijana wake agonge taratibu kutoka ndani. Riveti iliyokaza haitoi hisia yoyote kidoleni. Iliyolegea inatetema. Alipata tatu za namna hiyo na kuzitia alama kwa kalamu.

Thika na alumini zina historia ambayo watu wengi wa huko hawaisimulii, ingawa imekuwa mbele ya macho yao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, na serikali ilikigawa kwa kipimo. Alumini ilikuwepo, kwa sababu viwanda vya ndege za kivita vilikuwa vimefunga kazi. Kampuni ya Rover ikaunda gari la shamba lenye mwili wa alumini juu ya fremu ya chuma, ikalionyesha Amsterdam mwezi Aprili 1948. Magari ya kwanza yalikuwa ya kijani kwa sababu rangi iliyopatikana ilikuwa masalio ya jeshi, rangi ya kupakia vyumba vya marubani. Kwa hiyo Land Rover ni binamu wa ndege kwa bati na kwa rangi pia. Na miaka ya 1970, kiwanda kilichoitwa Leyland Kenya kilipoanzishwa Thika, magari hayo yalianza kuunganishwa humo, katika mji uliojulikana kwa mananasi na viwanda vya nguo. Kiwanda kipo hadi leo kwa jina la Kenya Vehicle Manufacturers. Kimeunganisha malori na mabasi ya kila aina, mwaka 2016 kikarudisha Volkswagen nchini, na miaka ya karibuni kimeanza kuunganisha mabasi ya umeme ya BasiGo.

Alumini ya Land Rover ina magnesi ndani yake na huvumilia maji vizuri. Tatizo lake ni ndoa na chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, umeme mdogo hupita kati yake na moja huliwa ili nyingine ipone. Penye alumini na chuma, inayoliwa ni alumini. Matokeo yake ni unga mweupe, mkavu, unaojaa chini ya rangi na kuisukuma nje. Mkulima anaona lengelenge na kudhani rangi ilikuwa mbaya. Rangi haikuwa na kosa, iliinuliwa na kilichokuwa chini.

Alumini ya ndege ni jambo jingine, na hapa ndipo wanaofanya kazi Ruiru wana la kujifunza kutoka kwa wanaofanya kazi kwenye uwanja wa ndege wa Wilson. Alumini tupu ni laini mno kubeba watu angani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba ukiichanganya na shaba kidogo na magnesi, ukaipasha moto na kuipoza ghafla, halafu ukaiacha tu, inazidi kuwa ngumu yenyewe siku baada ya siku. Ndege za karne nzima iliyofuata zilijengwa juu ya ugunduzi huo. Lakini shaba ile ile iliyoleta nguvu ilileta pia udhaifu, maana bati hilo huliwa na unyevu upesi. Miaka ya 1920 Wamarekani wakapata dawa: kulivika bati gumu ngozi ya alumini safi pande zote mbili. Kwenye bati la unene wa milimita moja, ngozi hiyo ni takriban asilimia 5 kila upande, yaani milimita 0.05. Ni wembamba wa unywele.

Sasa mfikirie fundi anayezungushia kisu kichwa cha riveti ili rangi itoke kwa mstari safi. Kisu hakijui pa kukomea. Kinapita kwenye rangi, kinapita kwenye ngozi ya alumini safi, kinaacha mfereji kwenye bati lenye shaba. Mfereji huo utafunikwa na rangi mpya, utapendeza, na utakaa humo. Hili lilitokea kweli, tena kwa ndege kubwa za abiria. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iligunduliwa kwamba baadhi ya Boeing 737 zilikuwa na mikwaruzo mirefu kwenye maungio ya bati, pale pale penye safu za riveti, iliyoachwa na vifaa vyenye makali wakati wa kuondoa gundi ya kuzibia na kutayarisha ndege ipakwe rangi upya. Mingine ilikuwa imeanza kugeuka nyufa. Mashirika yakaamriwa kukagua ndege zao moja moja. Kisa ni mtu aliyetaka kazi iwe safi.

Nyufa za riveti zimeua, na moja ya ndege zilizouliwa nazo ilipita kwetu. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet yenye herufi G-ALYP iliondoka London kuelekea Johannesburg ikiwa na abiria wa kwanza duniani kulipa nauli ya kupanda jeti. Njiani ilitua Entebbe. Mtu aliyesimama kwenye uwanja wa Entebbe siku hizo aliona kitu ambacho Wamarekani hawakuwa nacho bado. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu 35 wakafa. Miezi mitatu baadaye nyingine ikaanguka karibu na Naples. Wachunguzi waliiingiza Comet nzima kwenye tangi la maji kule Farnborough, wakawa wanaijaza na kuipunguza presha mfululizo kana kwamba inaruka na kutua, mpaka ilipopasuka. Na mabaki yaliyotolewa baharini yalionyesha ufa uliolala kwenye bati la paa, ukianzia kwenye tundu dogo la kufungia, karibu na kona ya kidirisha cha antena. Tundu la ukubwa wa punje ya mahindi lilikuwa mwanzo wa yote.

Comet ilirekebishwa na ikarudi. East African Airways iliipokea Comet 4 mwaka 1960, na watu wa rika la wazazi wangu bado wanaitaja kwa fahari.

Kisa cha pili kinanigusa zaidi kwa sababu ya abiria mmoja. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines iliruka kutoka Hilo kwenda Honolulu katika visiwa vya Hawaii. Ilikuwa na umri wa miaka 19 na imesharuka mara 89,680, safari fupi fupi katika hewa ya chumvi. Ikiwa angani, kipande cha paa chenye urefu wa zaidi ya mita tano kiling'oka. Mhudumu mmoja wa ndege alitupwa nje akapotea, wengine 94 wakasalimika kwa ustadi wa marubani. Uchunguzi ulikuta nyufa ndogo ndogo nyingi zimetoka kwenye tundu hadi tundu la riveti, zikaungana. Na ulikuta jambo jingine. Abiria mmoja alipokuwa akiingia ndegeni aliuona ufa kwenye bati karibu na mlango, kando ya safu ya riveti. Hakumwambia mtu.

Simlaumu. Nani kati yetu angesema? Ndege imepakwa rangi, wahudumu wana sare zilizopigwa pasi, wewe ni abiria tu. Rangi ina mamlaka hayo, ya kumfanya mtu asiamini macho yake.

Mafundi wa ndege wana namna ya kuzisoma dalili, na sehemu kubwa ya elimu hiyo inafaa kwenye basi la Thika pia. Vumbi jeusi au la kijivu linalotoka kwenye ukingo wa riveti na kuacha mkia kuelekea nyuma, upande upepo unakokwenda, maana yake ni kwamba riveti inacheza: metali inasagana na metali na huo ni unga wake. Ufa wa duara usio na vumbi unaweza kuwa ni rangi kuukuu tu iliyokauka, lakini ukiwa kwenye riveti tatu nne zilizofuatana, kuna kitu kimesogea. Nyuzi nyembamba zilizopinda chini ya rangi, zikianzia kwenye kichwa na kutambaa kama vijia vya mchwa, ni ulaji wa unyevu, na hewa ya pwani kule Malindi au Manda huuharakisha kuliko hewa ya Nairobi. Unga mweupe nimeshautaja. Na kuna chozi la rangi ya kahawia linaloteremka chini ya riveti kwenye masanduku ya malori yetu. Hilo huwashangaza watu, maana riveti ni ya alumini na alumini haina kutu ya kahawia. Jibu liko ndani ya riveti yenyewe. Zile zinazovutwa kwa koleo upande mmoja zina msumari katikati, na mara nyingi msumari huo ni wa chuma. Ukishakatika, kipande chake hubaki ndani ya riveti, maji yanaingia, kinaoza. Ukipaka rangi juu ya chozi bila kuziba kile kitundu cha katikati, litarudi.

Yote haya yanaonekana kwa saa chache tu, kati ya kutoa rangi ya zamani na kuweka mpya. Kabla ya hapo rangi imeficha, na baada ya hapo praima itaficha. Ndiyo maana nasikitika ninapoona saa hizo zikiibiwa.

Na zinaibiwa kila siku. Basi la abiria lisipokuwa barabarani halileti chochote, na mkopo wa sacco haungoji. Mwenye gari analileta Jumamosi jioni anataka Jumatatu alfajiri liwe stendi. Fundi anapiga msasa juu kwa juu, anajaza pati kwenye kila kishimo pamoja na vichwa vya riveti, anasawazisha, anapuliza rangi. Nakiri kwamba linapendeza. Thika Road ina matatu ambazo ni kazi za sanaa kwelikweli, na wachoraji wake ni miongoni mwa wasanii bora tulio nao nchini. Sina neno baya juu yao. Lakini pati iliyozika riveti imezika ushahidi. Anayekuja baadaye haoni kichwa, haoni duara, haoni vumbi, na pati yenyewe ikipasuka anapaka nyingine.

Serikali imetutia rangi na imetuwekea viwango. Masharti ya waziri John Michuki, yaliyoanza kutekelezwa Februari 2004, yalitaka kila matatu iwe na mstari wa manjano ubavuni, na mstari huo ulipita juu ya safu za riveti nchi nzima kwa haraka ya wiki chache. Kipo pia kiwango cha Kenya, KS 372, kinachoeleza bodi ya gari la abiria ijengwe vipi na iwe imara kiasi gani. Ni hatua nzuri. Hata hivyo kiwango kinaikuta bodi ikiwa mpya, na ukaguzi wa kila mwaka unaikuta imepakwa rangi. Katikati ya hapo yuko fundi wa Kimbo na kikwangua chake, na hakuna fomu inayomuuliza aliona nini.

Tena fundi huyu anaumia. Dawa kali za kutoa rangi kwa miaka mingi zilikuwa na kemikali ya methilini kloraidi, ambayo imewaua watu waliofanya kazi kwenye vyumba visivyo na hewa. Marekani iliipiga marufuku kwa matumizi mengi mwaka 2024. Praima za zamani za ndege, zile za rangi ya manjano au kijani kibichi, zina kromiamu ya aina inayoleta saratani ya mapafu, kwa hiyo kuzipiga msasa mkavu bila kinga ni kujipulizia sumu. Rangi ya siku hizi inayochanganywa na hadena nayo huleta pumu kwa anayeivuta bila barakoa ifaayo. Kijana aliyefunga leso puani pale gereji anajikinga na harufu tu. Msasa ukiloweshwa maji vumbi linapungua sana, na hilo halina gharama. Barakoa yenye vichujio ina gharama, na inapaswa kuwa ndani ya bei tunayolipa.

Mzee wa Ruiru alizitoboa zile riveti tatu kwa drili, akasafisha matundu, akatazama kama yana nyufa, akapaka praima kwenye alumini na kwenye chuma kabla hajaziunganisha tena, ili metali hizo mbili zisigusane mwili kwa mwili. Akatia gundi ya kuzibia. Akapiga riveti mpya, nene kidogo kuliko za kwanza. Ndipo akaanza kupaka, na hapa pia kulikuwa na utaratibu. Rangi ya kawaida haishiki alumini tupu, kwa sababu alumini ikikutana na hewa hujivika mara moja utando wake yenyewe. Kwa hiyo praima ya kwanza ilikuwa yenye asidi, inayouma bati na kujishikiza. Kingo za rangi ya zamani alizififisha kwa msasa laini wa maji mpaka kidole kikipita kisihisi ngazi. Kabla ya kupuliza alichukua brashi nyembamba akazungushia rangi ukingo wa kila kichwa, riveti moja baada ya nyingine, ili pale ambapo rangi hukimbia pawe na akiba. Kisha akapuliza matabaka mepesi, akiacha kila moja likauke.

Kulinganisha rangi kulimtesa. Ile kijani ilikuwa imepigwa na jua la mwinuko wa karibu mita 1,500 kwa miongo kadhaa, na hakuna kopo la dukani linalofanana na rangi iliyozeeka hivyo. Alichanganya, akapaka kwenye kipande cha bati, akakausha, akakitoa nje juani akakiweka kando ya mlango, akarudi akaongeza tone la nyeusi. Mwishowe viraka vilionekana bado, kwa mtu anayejua pa kutazama. Kijana hakufurahi sana.

Mimi niliviona viraka hivyo nikavipenda, na nitasema kwa nini. Kiraka kinachoonekana kinamwambia fundi wa kesho kwamba hapa palifunguliwa. Wanaotunza ndege huandika jambo hilo kitabuni: tarehe, mahali, kilichokutwa, aliyefanya, sahihi. Hata kupaka rangi upya sehemu za bawa zinazochezacheza huandikwa na kupimwa uzito, kwa sababu uzito kidogo upande usiofaa unaweza kufanya bawa litetemeke hewani. Basi halihitaji urasimu wote huo. Linahitaji daftari la shilingi hamsini ndani ya dashibodi na picha ya simu ya bati likiwa uchi.

Kwa hiyo nina ombi. Mwenye gari, ukilipeleka kupakwa rangi, mwambie fundi asiweke praima mpaka uje uone bati, na umlipe siku ya kutazama kama unavyomlipa siku ya kupuliza. Fundi, ukikuta riveti inacheza au unga mweusi, mpigie simu mteja hata kama atakasirika, na usimwache mtu akakulazimisha kuzika kitu kwa pati. Walimu wa vyuo vya ufundi vya Thika na Ruiru, wapeni wanafunzi bati lenye riveti mbovu wazisome kabla hamjawapa bunduki ya kupulizia. Na wewe unayepanda matatu ya 237 kila asubuhi, ukiona ufa umetoka kwenye riveti moja ukaenda kwenye nyingine, mwambie dereva kabla hujaketi.